DEREVA, MNYAMA, NA SAA YA KUONDOKA

Wenzetu wengi wamekwisha kusoma katika magazeti, na wengine wameona kwa macho yao, habari za motokaa kugonga wanyama katika barabara kuu ipitayo ndani ya hifadhi ya Mikumi. Kila mara habari ya namna hii ifikapo ofisini, neno la kwanza lisemwalo ni lile lile: "Dereva alikwenda mbio." Mara nyingi neno hili ni kweli. Lakini sisi makarani, tukaao mezani na kuandika hati za safari, twaona ya kuwa neno hilo ni nusu ya habari tu, na nusu ya pili haiandikwi na mtu. Yafaa iandikwe katika gazeti la chama chetu, maana nusu hiyo haitokei porini. Hutokea ofisini, kabla gari halijatiwa mafuta.

Kwanza tueleze mahali penyewe kwa ajili ya wanachama wa mikoa ya mbali ambao hawajapita huko. Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Zambia hupita Chalinze na Morogoro, kisha Doma, na mbele ya Doma huingia katika nchi ya wanyama. Toka hapo mpaka karibu na mji wa Mikumi ni kilomita zipatazo 50. Hakuna ukuta wala seng'enge kuume wala kushoto. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Upande wa kaskazini liko bonde la Mkata lenye majani mengi na maji ya msimu. Upande wa kusini nchi yaendelea mpaka ile iliyokuwa ikiitwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Basi mnyama alalaye upande mmoja wa barabara aghalabu hunywa maji upande wa pili. Barabara imepita katikati ya nyumba yake, kama mtu apitishaye njia baina ya chumba cha kulala na jiko.

Wala hatusemi ya kuwa waliojenga barabara walikuwa wapumbavu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakija kwa njia ya kusini, ikawa hapana budi yaletwe kwa malori kutoka Dar es Salaam. Wakati ule barabara ilikuwa ya udongo, na sehemu nyingine ilikuwa mbaya hata madereva wakaipa jina la Njia ya Jehanamu. Watu walikufa huko, na malori yaliungua pamoja na mapipa yake. Kazi ya kutia lami ilikwisha katika miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa toka mwaka 1970 hata 1975. Nchi jirani ilikuwa imekabwa koo, nasi tukaipa pumzi. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini kila jambo jema lina gharama yake, na gharama ya hili hulipwa usiku, mahali pasipo na taa, na mtu mmoja aliyeshika usukani.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Kilomita 50 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni saa moja kamili. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 na nusu. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 30. Basi dereva aendaye kwa 80 mahali ambapo angekwenda kwa 50 amepata faida ya dakika 22 na kidogo, na yule aendaye kwa 100 amepata faida ya dakika 30. Hiyo ndiyo faida yote. Tumewahi kumngojea mkubwa kutia sahihi barua moja kwa muda mrefu kuliko huo, na hakuna aliyekimbia.

Tena tutazame upande wa hasara. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita mita karibu 28 katika kila sekunde; liendalo 50 hupita 14. Mtu aonaye kitu mbele huhitaji sekunde nzima au zaidi kabla mguu wake haujakanyaga breki, na taa zilizoinamishwa kwa ajili ya gari lijalo haziangazi mbali. Kwa hiyo yule wa 100 amekwisha kula sehemu kubwa ya mwanga wake kabla hajafanya neno. Na nguvu ya pigo haizidi mara mbili mwendo uzidipo mara mbili, bali huzidi mara nne. Waliosoma shule za misheni watakumbuka somo hili lilivyoandikwa ubaoni. Huko Mikumi huandikwa juu ya bati.

Kugonga twiga si kama kugonga ng'ombe. Twiga dume aweza kuwa na urefu wa mita tano na uzito upitao tani moja, na uzito huo wote uko juu, umebebwa na miguu mirefu myembamba. Gari dogo likimgonga hupiga miguu, na mwili wenyewe huanguka juu ya kioo na paa, mahali walipo watu. Nyati hugongwa kifuani, na gari husimama kama lililogonga mti. Usiku weusi wake ni sawa na weusi wa lami, dereva huona macho tu, na pengine hayaoni hata macho kwa kuwa nyati ametazama upande. Swala ni mwepesi na huruka. Lakini swala mmoja akivuka, yamkini wako wengine nyuma yake, na dereva amtazamaye yule wa kwanza akienda zake humgonga wa tatu. Ngiri naye hukimbia mkia juu, watoto nyuma yake kwa safu. Dereva mzee humpisha mama, kisha hungoja; dereva kijana humpisha mama, kisha hukanyaga mafuta.

Na tembo tumsemeje? Wako watu wapigao honi wamwonapo tembo barabarani, kana kwamba ni mwenye baiskeli wa mjini. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa anaonya, na mara nyingi akija mbio hivyo kwa makelele hurudi nyuma akiisha kutia hofu. Lakini akiyalaza masikio na kukunja mkonga, huyo hatanii. Dawa ni kusimama mbali mapema, kutokata kundi katikati, na kutojipenyeza baina ya mama na mtoto. Mimba ya tembo ni miezi 22. Mama aliyemchukua mtoto muda huo wote hatakubali azuiliwe njia na lori la saruji.

Mambo haya madereva wayajua kuliko sisi. Tumeyaandika kwa ajili ya wale wakaao kiti cha nyuma na kusema, "Twende, twende, tumechelewa."

Sasa tuje kwenye saa. Wanyama wengi hutembea zaidi jua likielekea kuchwa, usiku, na alfajiri, kwa kuwa joto limepungua. Tena dereva atokaye Morogoro jioni huenda upande wa magharibi na kusini, na jua lililoinama humpiga usoni. Kabla halijatua haoni kwa mwanga, na likitua haoni kwa giza. Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Basi tuulize: kwa nini gari la ofisi lipite Doma saa hiyo? Dar es Salaam mpaka Morogoro ni kilomita zipatazo 190, na toka Morogoro mpaka hifadhini bado kuna mwendo. Gari likiondoka saa 12 asubuhi, dereva asiye na haraka atapita mbugani mchana kweupe, atamwona tembo toka mbali, na kabla ya jioni atakuwa amepanda mlima kwenda Iringa. Gari lile lile likiondoka saa 9 alasiri, haliwezi kufika Doma kabla ya usiku, hata dereva awe malaika. Wanyama ni wale wale, na dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni saa tisa za kungojea barua, fomu ya mafuta, muhuri, na bwana mmoja aliyesema atakuja saa 3 akaja saa 8.

Dereva mmoja wa idara fulani, ambaye jina lake na la idara yake hayana kazi hapa, alitusimulia habari yake. Aliambiwa awe tayari alfajiri kupeleka makaratasi na maofisa wawili Mbeya. Alifika saa 11 na nusu, akaosha gari, akangoja. Makaratasi yalitoka saa 9 alasiri. Alimwambia mkubwa wa safari, "Bwana Mkubwa, tukiondoka sasa mbuga tutaipita usiku, heri tulale Morogoro." Akajibiwa ya kuwa hakuna posho ya kulala Morogoro katika hati, na mkutano wa Mbeya ni kesho. Wakaenda. Njiani simu ilipigwa mara tatu kuuliza wamefika wapi. Ndani ya mbuga lori lilikuja na taa kali, na lilipopita, swala walikuwa wamekwisha kuwamo barabarani. Alimgonga mmoja. Maofisa hawakuumia, taa moja ilivunjika, na bati la mbele likapinda. Alisimama mbele, akatoa habari kwa askari wa hifadhi kama ipasavyo, akaandikiwa kiasi cha kulipa.

Aliporudi alikuta barua mezani ikimtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe. Barua hiyo iliandikwa kwa Kiswahili safi, ina kumbukumbu namba na tarehe. Ilitaja mwendo wa gari, mnyama, na taa iliyovunjika. Haikutaja saa 9 alasiri. Wale maofisa wawili walioketi nyuma hawakuulizwa neno, wala yule aliyepiga simu mara tatu. Malipo ya mnyama yalimwangukia yeye, yakakatwa katika mshahara wake kwa miezi. Tulimwuliza alijibu nini katika maelezo yake. Alisema, "Bwana Karani, niliandika samahani. Ningeandika nini tena?"

Twajua watakuwapo wasomaji watakaosema ya kuwa angekataa kwenda. Anenaye hivyo na ajaribu yeye kwanza kukataa amri ya mkubwa wake mbele ya watu, mwezi ambao karo ya watoto haijalipwa, kisha atuletee habari.

Iko kanuni ya zamani ya kwamba gari la Serikali lisitembee baada ya saa 12 jioni pasipo kibali. Kanuni hii ni njema sana, na aliyeitunga aliijua nchi. Lakini kibali kimegeuka kuwa karatasi ya kawaida, kama karatasi ya kuombea wino. Huombwa asubuhi pamoja na mafuta, hutiwa sahihi bila kuuliza, na kazi yake siku hizi si kumzuia dereva asiende usiku bali ni kumwondolea mkubwa lawama: gari likisimamishwa na askari, hati ipo. Kibali hakitaji ni kwa nini safari haikuanza asubuhi. Nafasi ya kuandika sababu ipo, nayo hujazwa neno moja, "Kikazi." Hata maziko ni ya kikazi kwa mtindo huu.

Na jambo limezidi uzito, kwa sababu mabasi nayo yamerudi usiku. Katika miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha, kwa ajili ya ajali na ujambazi, na abiria wa safari ndefu walizoea kulala njiani. Mwaka 2023 katazo hilo liliondolewa, na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo mabasi huruhusiwa kwenda saa zote. Wafanya biashara wamefurahi, na wagonjwa waendao hospitali kubwa wamefurahi, nasi hatuwalaumu. Lakini kila taa iongezekayo usiku katika zile kilomita 50 ni jicho moja zaidi la kumpumbaza swala, na kila basi lina ratiba yake na mashindano yake. Gari la ofisi lisilo na sababu ya kuwamo humo usiku lingefanya hisani kwa kutokuwamo.

Watu wengine hutoa mashauri makubwa zaidi. Mmoja atasema, "Jengeni ukuta pande zote mbili." Shauri hili ni jepesi kinywani, lakini mtu alitafakari. Ukuta utaikata hifadhi vipande viwili. Kundi lililo upande usio na maji litakufa kwa kiu, na tembo hataheshimu seng'enge kwa sababu ya kuwa imenunuliwa kwa zabuni. Mwingine atasema zijengwe njia za chini ili mnyama apite chini na gari lipite juu. Shauri hili lina maana, nalo limekwisha kujaribiwa kwa jirani zetu wa Kenya. Chini ya barabara ya kwenda Meru, karibu na Mlima Kenya, ilijengwa njia ya tembo, na tangu mwaka 2011 tembo huipita. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo imeachiwa mapito chini yake katika nchi ya Tsavo. Yaonekana mnyama hujifunza upesi kuliko kamati. Lakini njia kama hizo hutaka tuta la juu au daraja, na Mikumi ni nchi tambarare sehemu kubwa. Kazi hiyo itataka fedha nyingi na miaka mingi, na hata ikianza leo, gari la kesho jioni litakuwa limekwisha kuondoka.

Kwa upande wa Serengeti, ambako ilikusudiwa barabara kuu ipite upande wa kaskazini wa hifadhi, mambo yalifika mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikatoa hukumu mwezi Juni 2014 ya kuizuia barabara ya lami pale. Twataja jambo hili kwa sababu moja tu: huko watu walibishana kabla lami haijamwagwa. Sisi huku tumeipata ikiwa imekwisha, na kilichobaki mkononi mwetu ni mwendo na saa.

Mwendo umewekewa mabango na matuta. Matuta yamefaa, hatukatai. Ila twaona jinsi madereva wengi wanavyofanya: hupunguza penye tuta, kisha hukimbia mpaka tuta la mbele, kama mtoto acheaye mwalimu akigeuka ubaoni. Mabango nayo hutaja wanyama na malipo yao kwa dola za Kimarekani, na kwa twiga hesabu hiyo imekuwa dola 15,000. Karani wa kawaida akiisoma hesabu hiyo hucheka, maana ni kama kuambiwa ulipe bahari. Adhabu isiyolipika haimtishi mtu sana; humfanya akimbie. Na hapo pana ubaya mkubwa kuliko wa kwanza, kwa kuwa dereva akimbiaye humwacha mnyama amevunjika mguu katikati ya barabara, gizani, na gari lijalo nyuma halina habari. Laiti malipo yangekuwa ya kiasi, na yasiwe ya dereva peke yake bali ya mwenye gari pia, tungeona wenye magari wakianza kuuliza saa za safari.

Liko neno jingine ambalo wanachama hawapendi kulisikia, nalo ni nyama. Swala akigongwa, pengine sauti ya kwanza itokayo kiti cha nyuma si ya huruma bali ni ya jikoni: "Tuchukue paja, ni halali, tumegonga wenyewe." Si halali. Mnyama wa pori, awe hai au amekufa, ni mali ya umma, na kipande chake ni nyara ya Serikali. Mtu akikutwa nacho bila hati hushitakiwa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na kifungo chake si cha siku wala miezi michache. Tena katika gari la ofisi watashitakiwa watu wote waliomo, pamoja na yule karani aliyekuwa amelala. Watu wamepoteza kazi ya maisha kwa kitoweo cha siku moja.

Na nyani je? Msafiri wa mchana atawaona wameketi kando ya lami kama wazee barazani. Hawakai pale kwa kupenda motokaa. Hukaa kwa sababu abiria hutupa ndizi, mahindi ya kuchoma na maganda ya machungwa, na malori ya nafaka humwaga punje njiani. Mtaalamu Carlos Drews aliandika mwaka 1995 juu ya wanyama waliouawa na magari katika barabara hiyo ya Mikumi, na nyani walikuwa na sehemu yao katika maandishi yake. Mama wa nyani akienda kuokota hindi lililotupwa na mtu mwenye huruma hugongwa na gari la pili. Huruma ya namna hii ni heri ibaki ndani ya dirisha.

Wala tusiwasahau wenye malori. Lori likiharibika ndani ya mbuga usiku, utingo hana budi ashuke kuweka alama nyuma, na wote wajua ya kuwa Mikumi kuna simba. Tumesikia wakisema hutupa matawi toka mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mtu apitaye kwa 100 haoni matawi wala utingo.

Basi turudi mezani kwetu, kwa kuwa huko ndiko tuwezako kitu. Karani hana amri juu ya mkubwa, wala hatudai. Lakini karani ndiye ajazaye hati ya safari, ndiye atunzaye daftari la gari, ndiye aombaye mafuta siku ya jana yake au siku ile ile. Mafuta yakitiwa jana yake jioni, safari imepata saa moja asubuhi. Barua zikikusanywa jana yake, imepata saa mbili. Haya hayahitaji kibali cha mtu. Na posho ya usiku mmoja Morogoro, ambayo wahasibu huiuliza sana ("Kwa nini alilala Morogoro na Iringa i karibu?"), yafaa iandikwe katika hati tangu mwanzo kila safari iondokapo baada ya saa 4 asubuhi, pamoja na sababu yake kwa maneno kamili, ili mwenye kuifuta aifute kwa kalamu yake na sahihi yake ionekane. Mtu akijua ya kuwa sahihi yake itasomwa pamoja na habari ya ajali, mkono huwa mzito kidogo.

Kwa hiyo twaleta mashauri mawili mbele ya mkutano wa chama. La kwanza, tuombe idara zetu ziongeze mistari miwili katika hati ya safari: saa gari lilipotakiwa kuondoka, na saa lilipoondoka kweli, na kwa safari za njia ya kusini saa litakapofika Doma. La pili, tuombe ya kuwa dereva atakiwapo kujieleza kwa ajili ya ajali, hati hiyo iambatanishwe na barua yake, na waliokuwamo garini waandike nao. Hatuombi dereva asamehewe. Aliyelewa, au aliyekimbia kwa kupenda, na ahukumiwe. Twaomba asihukumiwe kwa saa asiyoichagua.

Wako wanachama waliotuambia ya kuwa jambo hili ni la madereva, na chama chetu ni cha makarani. Tumewasikiliza kwa adabu. Lakini katika gari lile la kwenda Mbeya kulikuwa na watu watatu, na wawili walikuwa wa mezani.

Makatibu wa matawi ya Morogoro, Iringa na Mbeya, ambao magari mengi hufika kwao, twawaomba wapekue madaftari ya magari ya miezi mitatu iliyopita na kuandika safari ngapi zilipita mbugani baada ya saa 12 jioni, na ngapi kati ya hizo zilikuwa zimepangwa kuanza asubuhi. Wasiandike majina ya watu wala idara, ila hesabu tu. Barua zifike kwa katibu wa chama majuma mawili kabla ya mkutano, apate nafasi ya kuzijumlisha.